Kilichomo Ndani ya Friza ni cha Wote

Ikkarluk,
14 Septemba 1993

Mdogo wangu Alacie,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, ila goti langu limeanza kutabiri hali ya hewa vizuri kuliko redio. Mume wangu Jusipi na wenzake walipata nyangumi mweupe wiki iliyopita. Redio ilitangaza kabla hata hawajanawa damu, watu wakashuka ufukweni na visu vyao. Kilichobaki kimeingia kwenye friza ya kijiji, kila mtu ajichukulie. Nimekutengea kipande cha ngozi na mafuta yake, lakini nani akuletee? Rubani mpya anaziba pua akiona tu mfuko wangu. Mzee Putulik bado anacheza bingo ya redioni, bado hajashinda, na bado anaapa kwamba anaibiwa.

Habari kubwa ni Lissi, binti yangu. Ana mimba, atazaa mwezi wa pili Mungu akipenda. Jina lilishapatikana siku ile ile aliyoniambia: Qumaq, jina la mama yetu. Mama anarudi, Alacie! Tangu tumzike sijamwita mtu yeyote mama. Sasa nitalitamka tena neno hilo, hata kama huyo mama atakuwa wa kukojoa nguoni. Wewe ndiye uliyekuwa kando ya kitanda chake alipofariki huko kusini, kwa hiyo nawe jitayarishe kumwamkia.

Sasa shida yangu. Mashine ya kuvuta hewa uliyonitafutia kazi ya kuitunza iko salama kilimani, inanguruma mchana kutwa. Kila Jumanne napanda, natoa sponji iliyovuta hewa ya wiki nzima, naitia kwenye kopo lake, natia nyingine. Sivuti sigara karibu nayo, sishiki kwa mikono yenye mafuta ya sili, navaa zile glavu zao. Sawa. Lakini Daktari Gervais aliyeileta mashine alichukua pia maziwa ya wanawake walionyonyesha. Annie wa nyumba ya pili alitoa, Minnie alitoa. Alisema hewa yetu ni safi kuliko zote, kwa hiyo maziwa yetu yatakuwa kipimo cha usafi kwa dunia nzima. Wanawake walicheka, wakajisikia vizuri. Tangu hapo, mwaka mzima, kimya. Wewe umo mle maabarani, wewe ndiye unayewatafsiria karatasi zao kwa lugha yetu. Walipata nini?

Jibu kwa barua. Simu ya dukani ina masikio ya kijiji kizima.

Dada yako,
Siasi

*

Montreal,
20 Oktoba 1993

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea nikafurahi sana, hasa habari ya Lissi. Nilikaa kwenye ngazi za jengo letu nikaisoma mara mbili. Mimi mzima. Huku majani yamekuwa mekundu na watu wanayatazama utadhani hayajawahi kuanguka. Chumba changu kina joto mno, nalala dirisha wazi. Nimenunua buti mpya, zinavuja. Mkate wa kukaanga najipikia mwenyewe, lakini unga wa huku hauna adabu, unanata tu.

Msalimie Jusipi. Mwambie Mzee Putulik kwamba namba zote za bingo nimemfichia mimi.

Dada, Lissi amewahi kufikiria maziwa ya kopo? Siku hizi ni mazuri, wataalamu wameyarekebisha. Na kwa miezi hii iliyobaki ingekuwa vyema ale zaidi samaki wa mtoni, mafuta ya nyangumi apunguze. Ni ushauri tu.

Kuhusu mambo ya maabara, ripoti bado haijakamilika. Usiniulize zaidi, tafadhali.

Wako,
Alacie

*

Ikkarluk,
9 Novemba 1993

Alacie,

Sisi wazima. Ghuba imeganda mapema. Mbwa wa Jusipi amezaa.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka mezani, nikatoka nje kwa sababu ningeichana. Majani mekundu! Buti zinavuja! Halafu, katikati ya unga na buti, unanitupia neno "kopo" kama mtu anayedondosha kitu na kuendelea na safari yake. Nilikupigia simu kutoka dukani, masikio yote ya kijiji yakiwa yamesimama nyuma yangu. Ukasema una mkutano, ukakata. Mimi dada yako!

Hebu nikukumbushe, labda joto la chumba chako limekusahaulisha. Mama alikaa hospitali ya huko wiki nyingi. Alikuwa anaomba kitu kimoja tu, ngozi ya nyangumi na mafuta yake, kipande cha kutia mdomoni. Wewe mwenyewe uliniandikia. Wakampa ile jeli nyekundu inayotetemeka kwenye bakuli. Wakasema chakula chetu hakiruhusiwi wodini. Mama alikufa na njaa ya kwao, katikati ya sahani zilizojaa. Sasa anarudi, na wewe unataka nimpokee mlangoni na kopo? Nimwambie nini? Karibu mama, hata huku kwako chakula chako kimepigwa marufuku?

Kama kuna neno, liseme. Kama halipo, usinitishe mtoto. Lissi aliniuliza umeandika nini nikamdanganya, nikasema umesalimia tu. Ameanza kula kama ndege anayedonoa, ananitazama usoni kila akitia kitu mdomoni. Mficha uchi hazai, Alacie, na huyu wetu anakaribia kuzaa.

Nangoja.
Siasi

*

Ikkarluk,
11 Januari 1994

Alacie,

Krismasi imepita, mwaka umekwisha, barua yako haijaja. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe tumeusikia redioni kama watu baki.

Mtangazaji wetu alisoma gazeti la huko kwenu. Alikuwa akisoma na kutafsiri hapo hapo, maskini, hakujua kinachofuata mpaka kikamtoka mdomoni. Kwamba maziwa ya wanawake wa kaskazini yana sumu kuliko ya wanawake wa mijini. Kwamba sumu imo kwenye mafuta ya nyangumi na sili. Halafu tukasikia kiti chake kinalia, akaweka muziki.

Unataka kujua kilichofuata? Annie alimwachisha mwanawe ziwa siku ile ile. Mtoto wa miezi sita, mdogo wa yule aliyekuwa akinyonya Gervais alipochukua maziwa! Tunamsikia kupitia ukutani. Minnie mbishi amesema Wazungu wote na magazeti yao wakafie mbele, yeye anaendelea kunyonyesha, na wanawake wanamkodolea macho dukani kama mwuaji. Wanaume wametupia mbwa mafuta ya majira mazima. Jusipi hakutupa, lakini pia hayali. Anakaa anayatazama.

Na wewe ulijua. Nimeirudia ile barua yako ya Oktoba, kila neno. Ulijua!

Huku kwetu mtu akiua mnyama halafu akaficha nyama, akala peke yake gizani, tunamwitaje? Hatuna hata matusi ya kumtosha. Nyama ikifika, redio inatangaza. Ikiwa nzuri inatangazwa, ikiwa mbovu inatangazwa ili watu wasiile. Hata Mzee Putulik na wizi wake wa kuwazia anajua hilo. Nyinyi mlichukua maziwa kwenye vifua vyetu, mkaona mlichokiona, mkakikalia.

Basi sikiliza. Mashine sijaizima. Kazi ni kazi na mimi siichezei. Kila Jumanne napanda, natoa sponji, naifunga kwenye kopo lake bila kuigusa. Lakini tangu gazeti hilo liliposomwa, makopo siyatumi kwenu tena. Nayaweka kwenye friza ya kijiji, chini ya nyama. Kilichoingia humo ni cha wote, hata watoto wa chekechea wanajua. Anayekitaka aje akiombe mbele ya watu, aseme anakwenda kukifanyia nini.

Mwambie hivyo daktari wako.
Siasi

*

Montreal,
2 Februari 1994

Dada Siasi,

Salamu zako hukuziandika, kwa hiyo nami sitakuchosha na zangu.

Nimekaa na barua yako, na sasa mimi ndiye mwenye hasira. Umenifananisha na mtu anayekula gizani. Nile nini? Nilijua tangu masika, ndiyo. Niliitafsiri karatasi ile ya kwanza nikiwa peke yangu ofisini, na lugha yetu haikuwa na maneno, nikayatunga. Nilitunga neno la sumu isiyokufa, dada. Walinifanya nitie saini kwamba sitasema hadi ripoti itoke. Ningesema, wangenitoa, na mle chumbani asingebaki hata mtu mmoja anayejua Annie ni nani. Wangebaki wao na namba. Ndiyo maana nilibana mdomo. Halafu mtu mmoja kati yao akamnong'oneza mwandishi wa gazeti, na hakufanywa kitu.

Nitakueleza sasa, saini au si saini. Sumu hizi hazikutengenezwa kwetu. Ni dawa za wadudu zinazomwagwa kwenye mashamba ya pamba, katika nchi za joto ambazo hata majina yake hatuyajui. Ni mafuta yaliyomo kwenye transfoma za umeme na mitambo ya viwandani. Huko kwenye joto zinapaa kama mvuke wa birika. Upepo unazileta. Zikikutana na baridi yetu zinatua, na zikitua hazifi. Zinaingia kwenye mafuta, ya vidudu vya baharini kwanza, kisha samaki, kisha sili na nyangumi. Mwisho wa foleni tupo sisi, na mwisho wetu sisi ni mtoto aliye kifuani. Mashine yako kilimani ndiyo inayozikamata zikiwa bado hewani, kabla hazijaguswa na mkono wa mtu yeyote wa kwetu. Bila hiyo watasema ni uchafu wetu wenyewe, ni jalala letu. Wapo waliokwisha kusema.

Mwezi wa sita kuna mkutano wa mataifa kuhusu kuzipiga marufuku. Wakikosa sponji za majira haya ya baridi, wanasheria wa viwanda watasimama waulize, "Majira ya baridi yako wapi?" Yatakuwa kwenye friza yako, chini ya nyama.

Na hili ndilo kubwa, nimeliacha mwisho kwa sababu nililingoja mwaka mzima. Madaktari waligombana miezi na miezi, anyonyeshe, asinyonyeshe. Nilipokuandikia habari za kopo walikuwa bado wanagombana. Niliogopa, nikakupa nusu ya neno, na nusu ya neno ni mbaya kuliko kimya. Sasa wamekubaliana, nimeliona kwa macho yangu. Kwa yote yaliyomo, maziwa ya Lissi bado ni bora kuliko kopo. Yanamkinga mtoto na maradhi ambayo kopo haliwezi. Gazeti liliukata mstari huo. Anyonyeshe, dada. Mwambie anyonyeshe.

Sikupigii simu. Neno likitoka dukani kabla ya ripoti, jina litakalotajwa ni langu. Barua itafika kabla hajajifungua.

Alacie

*

Ikkarluk,
27 Februari 1994

Alacie,

Dhoruba haijatulia tangu mwanzoni mwa mwezi. Ndege ya barua haijatua, simu imekatika. Barua hii anaichukua muuguzi anayeondoka na mgonjwa kwenye ndege ya dharura iliyobahatika kutua leo, wanangoja nimalize.

Mama amekuja. Msichana. Ana kidevu kile kile cha ubishi.

Lissi amekataa kumnyonyesha. Amejifunga kitambaa kifuani kwa nguvu, amegeukia ukutani. Anasema, "Sitamlisha bibi sumu kwa mkono wangu." Nilimwambia mwandishi wa gazeti hajui kitu. Akaniuliza, "Wewe unajua?" Nikamwuliza muuguzi. Naye akasema hajaletewa maelekezo.

Kopo analitapika lote. Namshika, analia, namwita mama, na mama anakonda mikononi mwangu kwa njaa, mara ya pili, na wewe huna hata neno moja.

Siasi

*

Montreal,
9 Machi 1994

Dada,

Barua yako ilinifikia jana asubuhi. Barua yangu ya Februari, ambayo ndani yake kuna jibu, nimeulizia. Imelala kwenye gunia katika uwanja wa ndege, njia panda, inangoja dhoruba yenu. Neno la kumshibisha mtoto limo kwenye gunia! Nilipiga kelele ofisini mpaka wakafunga mlango.

Hadi hii ikufikie utakuwa umeshanisikia, kwa hiyo sirudii. Nilipiga simu siku nzima mpaka laini ikashika. Sikupiga dukani wala kliniki. Nilipiga redioni. Mtangazaji alisema wako katikati ya bingo. Nikamwambia, "Fungua kipaza sauti, nimeleta nyama." Akafungua.

Wakubwa wa maabara wanasema nisirudi kazini Jumatatu. Sawa. Nimechukua kikombe changu na kamusi.

Nimekasirika sana, dada. Nimejikasirikia mimi, nimewakasirikia wao, na wewe pia kidogo, usidhani umesalimika. Niandikie kama alinyonya.

Alacie

*

Ikkarluk,
29 Machi 1994

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima, wote. Naomba usome neno hilo tena: wote.

Tulikuwa mezani na karatasi za bingo. Mzee Putulik alikuwa amebakiza namba moja. Mara bingo ikakatika, sauti yako ikajaa chumbani. Ulizungumza kama mama alivyokuwa akizungumza akikasirika, polepole, neno moja moja. Ukasema habari za mashamba ya mbali na transfoma na upepo. Ukasema tusile ini, mafuta tupunguze, hasa wasichana na wenye mimba, lakini nyama tuile tu. Halafu ukamtaja Lissi kwa jina, mbele ya pwani nzima, ukamwambia, "Nyonyesha. Mimi mama mdogo mbaya niliyenyamaza ndiye ninayekwambia, nyonyesha." Lissi alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini, akaanza kufungua kitambaa, nikamsaidia fundo.

Maziwa yake yalikuwa yamepungua. Minnie mbishi alikuja mbio kwenye theluji bila kofia, akampokea mtoto, akampa ziwa, akamwambia, "Kunywa mama, hawa wapumbavu wamekuchelewesha." Akaja kila siku mpaka ya Lissi yakarudi. Annie alikuja mara moja, akasimama mlangoni, akatazama, akaondoka. Mwanawe hakurudi tena kwenye ziwa. Sijui nimwambie nini Annie. Wewe utamwambia nini?

Gunia la barua lilifika wiki iliyofuata. Nilisoma ya Februari nikiwa nimesimama. Ulikuwa umeniandikia yote. Lakini Alacie, ungepiga simu. Nakupenda, na hilo sitaacha kukwambia mpaka nife: ungepiga simu.

Daktari Gervais alikuja na ndege iliyofuata. Amezeeka. Alikwenda moja kwa moja kwenye friza, akakuta watu wamekaa mlangoni, akanifuata mimi. Nikamwambia mimi si mwenye friza. Akauliza mwenyewe nani, watu wakacheka. Ikambidi aende redioni, aombe kama kila mtu. Akasema ni mali ya maabara. Mzee Putulik akapiga simu kutoka nyumbani kwake, sauti yake inatoka hewani: "Kijana, hewa mliyoivuta ni ya kwetu, mapafu tuliyovutia sisi ni ya kwetu, umeme wa mashine ni wa kwetu. Mali yenu hapo ni kopo. Rudi na kopo." Na akaongeza kwamba anadai namba yake moja ya bingo.

Dhoruba ikamfungia hapa. Alikula kwangu. Nilimpa nyangumi, akala, akamtazama Lissi akinyonyesha, akaacha kula. Akasema, "Nilipaswa kuja mwenyewe." Nikamwambia ndiyo, na sikumwongezea chai. Siku ya pili alirudi redioni, akasema kila kitakachopatikana kwenye sponji zetu na kwenye maziwa yetu kitatangazwa hapa kwanza, kwa lugha yetu, kabla ya gazeti lolote. Watu wakauliza, kwa mdomo wa nani? Akataja jina lako. Sijui kama ana nguvu ya kulitimiza hilo, lakini kijiji kizima kimemsikia, na friza bado ni yetu. Makopo ameondoka nayo, yote, safi. Majira ya baridi yapo.

Nakuandikia mama amelala mapajani mwangu, ameshiba, mdomo bado una povu jeupe. Namtazama nafurahi, halafu palepale nataka kumpiga mtu. Naitafuta shingo ya kukaba siipati. Watu waliofanya haya hawajawahi kusikia jina letu. Leo ilikuwa Jumanne, nikapanda kilimani na goti langu, nikasafisha theluji kwenye mashine, nikatia sponji mpya. Upepo ulikuwa mtamu, wa kusini, hauna harufu yoyote.

Nitapanda kila Jumanne mpaka goti likatae kabisa. Siku moja mama ataniuliza nani alitia mkono kwenye maziwa yake, na sitaki kumjibu kwamba ni upepo.

Dada yako,
Siasi